Kavu Bila Kau

Haya ninayosimulia ni ya kweli. Naapa kwa mkono wa kulia na wa kushoto, naapa kwa miwani yangu na kwa meno yangu yote, ya kuota na ya kununua: ni kweli, ni kweli, na ni kweli tena. Nimelazimika kula yamini namna hii kwa sababu shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ambaye ndiye mwenye kisa, ameniwekea dau. Siku atakayonikamata nimeongeza chumvi katika habari hii, kiti changu cha kulalia kitakuwa chake. Kiti chenyewe ndicho hiki nilichokikalia, na tangu nistaafu mgongo wangu haukitambui kingine. Kwa hiyo nisikilizeni, na mkikuta jambo la ajabu, mjue ajabu ni ya jambo lenyewe, si yangu.

Shemeji huyo ni msusi. Mtaa mzima unamwita hivyo tu, Msusi, kana kwamba wengine wote wanaoshika kitana wanabahatisha. Kazi yake anaifanyia katika chumba kimoja chenye kioo kirefu, viti viwili, na benchi la wanaosubiri zamu na wasiosubiri chochote ila habari. Amesuka mabibi harusi, amesuka mama zao, amesuka watoto wanaoanza kulia kabla hawajaguswa. Alikuwa akigawa njia kichwani huku amefumba macho, na njia ikanyooka kama imepigwa rula.

Ila mwaka ule vidole vilianza kumgomea. Asubuhi anaamka vimekunjamana kama vya mtu aliyelala ameng'ang'ania kamba, na mpaka avitie kwenye maji ya moto ndipo vinakubali kufunguka. Kichwa alichokuwa akikimaliza kabla ya chakula cha mchana kikawa kinamchukua kutwa. Hakumwambia mtu yeyote. Alimwambia dada yake tu, na dada yake ni mke wangu, kwa hiyo nilijua kabla chai haijapoa.

"Dada," alisema, "vidole hivi vikisimama, na mimi nimesimama. Akiba niliyonayo ni ya nyumba moja. Nikikosea, nitasuka mpaka waniletee vichwa kitandani. Nataka nyumba ya kupangisha. Inisukie yenyewe, mimi nikae."

"Nyumba ikusukie!" mke wangu akacheka.

"Inisukie, dada. Kila mwisho wa mwezi, njia kwa njia."

Basi hapo ndipo palipokuwa na kazi. Akiba moja, nyumba moja, na mnunuzi ambaye hajawahi kununua hata banda la kuku.

Habari ya mtu anayetafuta nyumba hailali nje. Kesho yake tu dalali akaingia pale kwa Msusi. Huyu anaitwa Pomoni, na hata mama yake mzazi anamwita hivyo, maana kila anachouza kimejaa sifa pomoni. Viatu vyake unaweza kujitazamia, simu mbili mkononi, na maneno yake hayana kituo cha kushukia.

"Mama mkubwa! Mama wa mikono ya dhahabu! Nina nyumba, mama. Nyeupe pe! Kavu kau! Imesimama wima, milango inafunga ndi, usiku kimya jii, na wapangaji wamejaa mlangoni furifuri! Twende sasa hivi. Kesho hutaikuta."

"Nina kichwa cha mtu hapa," alisema Msusi.

"Mwache nusu, atasubiri!"

"Nani, mimi?" Mteja aliyekuwa kitini akageuka. Alikuwa mkunga wa zahanati ya jirani, mwanamke asiyebabaishwa na kelele za mtu yeyote, na nusu ya nywele zake zilikuwa zimesukwa, nusu zimesimama kama zimeona simba. "Nitoke hivi barabarani? Kaka, hebu chukua pe zako na kau zako, utupishe."

Pomoni akacheka, akachomeka kadi yake pembeni mwa kioo, akaenda zake. Mkunga akamfuata kwa macho mpaka alipopotea.

"Huyo anauza mikia," alisema. "Ng'ombe sijui kama anao."

"Mikia gani tena?"

"Ya maneno, mwenzangu. Mtu akikuambia ukuta ni mweupe, amekutajia rangi. Akisema mweupe pe, ameapa. Sasa yule anaapa kama mwenye mafua anavyopiga chafya. Kuna dalali mwingine, nyuma ya soko, wanamwita Mkia. Huyo hakupi mkia wa neno mpaka aone kwa macho yake mwenyewe. Mimi alinikatalia nyumba tatu. Ya nne ndiyo ninayolala ndani yake."

Msusi hakuamini, lakini aliagiza aitwe.

Alikuja mtu mfupi, mkimya, asiye na kinachong'aa mwilini ila kipara. Kwapani alibana mwavuli mweusi, na katika mfuko wa shati alikuwa na gololi, gololi ya kawaida ya watoto. Akakaa kwenye benchi mpaka mteja wa mwisho akaondoka. Ndipo akauliza, "Unanunua nyumba ya kukaa, au ya kukaliwa?"

"Ya kukaliwa."

"Basi usinitajie rangi unayoipenda. Nitajie mtu unayetaka aikae, na kama ataweza kuilipa mwezi baada ya mwezi bila kulia." Akaweka mwavuli magotini. "Jambo la pili, ujue mimi ni wa nani. Ukinishika, ni wako. Mwenye nyumba akinivuta pembeni akaninong'oneza, na wewe utakisikia alichoninong'oneza. Akinitia kitu mfukoni, utakijua pia, na hapo unifukuze. Ujira wangu tuuseme leo, nami niudai siku ufunguo uko mkononi mwako, ili siku hiyo tusitazamane kama paka na panya."

"Na wewe unataka nini kwangu, zaidi ya huo ujira?"

"Subira. Na ruhusa ya kukuudhi."

"Mimi nasuka watoto wa miaka mitatu," alisema Msusi. "Huniwezi."

Alimweza, tena siku ya kwanza tu.

Nyumba ya kwanza ilikuwa na sebule kubwa na sakafu nyekundu inayong'aa. Msusi alishaanza kupanga viti akilini. Mkia akachuchumaa, akaiweka gololi katikati ya sebule. Gololi ikatulia tuli, kitambo cha mtu kumeza mate, kisha ikaondoka. Ikakata sebule, ikaingia ukumbini, ikagonga mlango wa jikoni kama mgeni mwenye adabu, ikatokea uani, ikashika njia. Kuku aliifukuza akachoka. Muuza duka alisimama kuipisha. Wao wawili wakaifuata mpaka mtaa wa tatu, wakaikuta imetulia kwenye kizingiti cha yule anayeuza ile nyumba, inamngoja atoke ajieleze.

Msusi akabaki mdomo wazi. "Imekuja yenyewe?"

"Sakafu imelalia upande mmoja. Msingi umechoka."

"Umechoka?"

"Tiki," alisema Mkia, akaiokota gololi yake na kuipangusa.

Nyumba ya pili ilikuwa na geti la chuma lenye maua ya kuchomelea. Mkia akaizunguka mara moja, mikono nyuma.

"Imesimama," akasema.

"Imesimama wima?"

"Imesimama."

"Kaka, si useme! Imesimamaje?"

"Dede."

Msusi alicheka mpaka akajishika kiuno, maana dede ni ya mtoto anayejifunza kusimama, aliyeachia kiti na bado hajajua kama ataanguka. Kisha akauona ufa. Ulianzia sakafuni ukapanda mpaka darini, umenyooka kama njia aliyoichora yeye mwenyewe kichwani mwa mtu. Akakaribia, akachungulia. Upande wa pili jirani alikuwa anakunywa chai. Jirani akainua kikombe, akamkaribisha.

Ya tatu Mkia alikataa kumpeleka siku ya jua. Waliingoja mvua. Ilipofika, akampitia, wakaenda wamelowa chapachapa wote wawili, mwavuli umebanwa kwapani vilevile.

"Sasa huo mwavuli ni wa nini kama huufungui?"

"Huu ni wa ndani ya nyumba," alisema Mkia. "Siku nikiufungua, ujue hatununui."

Waliingia. Paa lilikuwa jipya, dari nyeupe, mwenye nyumba anatabasamu. Walisimama katikati ya chumba kikubwa. Mvua ikanguruma juu ya bati. Na Mkia, polepole, bila kumtazama mtu usoni, akaufungua mwavuli na kumfunika Msusi. Tone la kwanza likaangukia juu yake: tap.

Mimi nimewahi kumwona shemeji yangu akimsuka mke wa bosi wangu huku umeme umekatika, na mkono haukutetemeka. Lakini siku ile, amesimama chini ya mwavuli ndani ya sebule ya mtu, alisema mwili ulimsisimka. Maisha yake yote ameishi ndani ya nyumba, na kumbe hakuwahi kuiona hata moja. Alikuwa akiona pazia na rangi. Sasa alikuwa anasikia maji yakitafuta njia kwenye mbao, anaona mahali mlango ulipokwaruza sakafu, anajua kwa nini dirisha moja lina kutu na mwenzake halina. Akirudi kazini anaitazama dari yake mwenyewe mpaka wateja wanamuuliza kama kuna popo.

Mkia hakuwa na haraka. Alimpeleka mitaani asubuhi akaone nani anatoka kwenda kazini, akampeleka jioni akasikie nani anapiga muziki. Aliwauliza wapangaji maji yanatoka siku zipi. Aliuliza kwa nini wa mwisho alihama, na akijibiwa haraka sana, anauliza tena kwa mwingine. Na kila nyumba alipomaliza kuitazama, alisema maneno matatu au manne makavu, bila mikia. Hiyo ndiyo ilikuwa hukumu. Msusi alijifunza kuisikiliza ile sehemu ambayo haikusemwa.

Lakini vidole havikuwa na subira ya Mkia. Siku moja kitana kilimponyoka mara tatu kwenye kichwa kimoja, na mara ya tatu mteja ndiye aliyeinama kukiokota. Alimpa tu, kwa upole. Upole ule ulimchoma Msusi kuliko tusi. Usiku hakulala. Kulipokucha akaichomoa ile kadi kwenye kioo, akampigia Pomoni.

Na nyumba ya Pomoni, jamani, ilikuwa nyumba! Vyumba viwili viwili pande zote, kila upande na choo chake na jiko lake, baraza la vigae, mti mdogo wa kivuli, na weupe ule. Msusi alisimama getini akahisi macho yanamlowa. Aliwaona wapangaji wake kabisa: huku mwalimu, huku nesi. Alijiona yeye amekaa kwenye kiti, mikono imelala mapajani, haisuki.

"Nilikuambia!" Pomoni alikuwa anaruka kama maji kwenye mafuta ya moto. "Nyeupe pe, kavu kau! Na kuna mtu anakuja saa hii hii kuichukua, mama, yuko njiani, anapumua! Weka neno lako."

Msusi alikuwa na haya kidogo, lakini haya haikumzuia kumwita Mkia. Alifika, mwavuli kwapani. Akazunguka. Akaweka gololi sakafuni na gololi ikatulia tuli, ikalala hapo. Msusi akamgeukia Mkia.

"Sema basi."

"Nyumba ni nyeupe," alisema Mkia.

"Nyeupe pe?"

"Nyeupe pe."

"Unaona!" Pomoni akapiga makofi.

"Imesimama wima," Mkia akaendelea. "Milango inafunga ndi."

Msusi hakuwahi kumsikia akitoa mikia mitatu kwa mpigo. Alijizuia asimkumbatie. "Na ni kavu?"

"Ni kavu."

Msusi akangoja mkia.

"Kavu kau?"

Mkia akautazama mwavuli wake. "Ni kavu."

"Wewe kaka!" Msusi akapasuka. "Hiyo kau inauzwa? Unaikopa? Mimi vidole vimeniishia, nyumba ndiyo hii, mtu yuko njiani kuichukua, na wewe unanibania silabi moja!"

"Haswa!" alisema Pomoni.

"Dada," alisema Mkia taratibu, "kazi yangu ni kukuambia ninachokijua. Mkono wa kununua ni wako, siwezi kuushika. Ukitaka, nunua. Ila kabla hujanunua, nenda kwenye ule ukuta wa nyuma, chumba cha mwisho. Uulize mwenyewe."

Msusi akaenda kwa hasira, viatu vinagonga vigae. Pomoni nyuma yake, Mkia nyuma ya Pomoni. Ukuta ulikuwa mweupe kuliko nyumba nzima. Akakunja kidole kimoja kati ya vile vyake vinavyouma, akagonga.

Na ukuta ukasema, "Ng'o."

Si kwa kelele. Ulisema kwa sauti ya mzee aliyeamshwa usingizini na kuombwa jambo asilolitaka.

Wote watatu wakatazamana.

"Nani kasema hivyo?" Pomoni akauliza.

Msusi akagonga tena, sasa kwa adabu, kama anayepiga hodi. "Ng'o," ukuta ukajibu. Pomoni akasukuma bega lake, akagonga yeye mwenyewe kwa ngumi. "Ng'o, ng'o, ng'o!" ukuta ukapaza sauti, kisha ukaona umemkosea heshima mgeni wa kike, ukaongeza kwa upole, "Ng'o, dada." Pomoni akaruka nyuma, akalala chali juu ya vigae vipya. Na pale ulipogongwa, rangi ikavimba kama lengelenge, ikapasuka, likatoka chozi moja la maji, likateremka polepole mpaka chini.

Msusi alipigwa na butwaa. Hakuogopa. Aliliangalia lile chozi kama anayemwona mtu aliyemficha siri kwa muda mrefu na sasa ameamua kusema. Angekuwa amelinunua. Angekuwa amemwaga akiba yake yote ndani ya ukuta unaolia, mwalimu angehama, nesi angehama, na yeye angerudi kwenye kitana mpaka mwisho.

"Ulijua," alimwambia Mkia.

"Sikujua. Ningejua, ningekuambia umelowa chapachapa. Nilijua rangi ni ya juzi, na mvua ni ya wiki iliyopita, na nyumba nzima haijapakwa upya ila ukuta huu mmoja. Sikuwa na kau ya kukupa. Basi sikukupa."

Pomoni, kule chini, alisema kwamba hata yeye hakujua, na hilo nadhani ni sawa. Hakuwahi kuugonga.

Nyumba waliyonunua ilikuwa mbaya. Mkia mwenyewe alimwambia hivyo wakiwa bado barabarani. "Ni mbaya," alisema, na Msusi, ambaye sasa alishaijua kazi, akamngoja amalize. "Kabisa," Mkia akamaliza, na wote wawili wakacheka.

Rangi yake ilikuwa ya chai iliyosahaulika. Upande mmoja kuna gereji, upande wa pili kuna cherehani mbili. Ilikuwa na vyumba vinne na wapangaji wawili, na mmoja wao, mama wa makamo anayeuza vitambaa, alikuwa humo muda mrefu kuliko mti wa nje. Msusi akamuuliza mwenyewe, hakumwachia Mkia.

"Mama, mbona huhami?"

"Nihame niende wapi? Hapa nalala fofofo mvua ikinyesha. Wewe unajua maana yake? Kwingine nilikuwa naamka kupanga masufuria."

Ndipo Mkia akasimama katikati ya kile chumba kibaya, akavua kofia ambayo hakuwa nayo, yaani alipapasa tu kipara, na akasema bila kuulizwa: "Kavu kau. Imesimama wima. Milango inafunga ndi. Gereji ikifungwa, usiku kimya jii. Maji yanatoka, ila bomba linapita kwa jirani, na kuhusu jirani sijui, kwa hiyo sikuambii."

Nywele zilimsimama Msusi. Alisema ilikuwa kama kusikia kengele ambayo siku zote umeiona imening'inia tu. Akaenda ukutani, akakunja kidole, akagonga. Ukuta ukajibu, mzito, shwari, bila kujitia makuu: "Ndi."

Hata hapo Mkia hakumruhusu atoe akiba. Hati ilipelekwa kwanza ofisi ya ardhi ikakaguliwe, na wao wakangoja. Kisha akataka mwenye nyumba aje na mkewe na watoto wao wakubwa, wakae wote kwenye baraza la nyumba hiyo, na kila mmoja aseme kwa mdomo wake kwamba amekubali kuuza. Mtoto wa mwisho alisema, "Mimi nimekubali." Mkia akamtazama. "Umekubali?" Yule kijana akacheka. "Nimekubali kabisa, mzee. Niache." Siku ufunguo ulipoingia mkononi mwa Msusi, Mkia alidai chake, kilekile walichokisema siku ya kwanza kwenye benchi, akapewa, akashukuru, akafungua mwavuli wake nje, kwenye jua, akaenda zake.

Nyumba ile inasuka mpaka leo. Kila mwisho wa mwezi, njia kwa njia.

Hapo nilikuwa nimemaliza. Nikamwita shemeji barazani kwangu, nikamsomea yote kwa sauti, mwanzo mpaka mwisho, nimejilaza kwenye kiti changu. Alisikiliza, mikono imelala mapajani.

"Shemeji," akasema, "yule jirani na kikombe chake cha chai, hapo hukuongeza kitu."

"Si nilikuambia!"

"Gololi iliishia jikoni."

"Jikoni, barabarani, ni upande uleule mmoja."

"Na ukuta haukusema ng'o." Akaniinulia vidole vyake usoni. "Ukuta ulikaa kimya. Niliugonga nikasikia kama unavyosikika ukuta wowote. Nikaweka kiganja. Macho yaliona kavu. Lakini nywele zikishaoshwa zikakaushwa juu juu, macho hayajui, kidole ndicho kinajua kwamba shina bado bichi. Ukuta ule shina lilikuwa bichi. Vilisikia hivi, shemeji. Hivi nilivyodhani vimeshakufa. Nilisimama pale nalia, na Mkia akaniacha nilie. Sasa wewe umeninyang'anya vidole vyangu, ukaupa ukuta mdomo."

Niliiona ile picha alivyoisema, na ilikuwa kubwa kuliko yangu.

"Lakini niliapa," nikajitetea, kwa unyonge. "Mstari wa kwanza kabisa. Ni kweli, ni kweli, na ni kweli tena."

"Niliusikia huo mstari," alisema. "Nikasema moyoni, haya, ngoja amalize. Umeapa kwa mikono, kwa miwani, mpaka kwa meno. Kweli umeitaja kama mtu anayemwaga mchele. Kweli tupu, shemeji? Hiyo tupu sikuisikia hata mara moja."

Kisha akasimama, nami ikabidi nisimame. Akakikunja kiti changu kwa mikono yake mwenyewe, vidole vikakishika ndi, akaondoka nacho akitembea katikati ya barabara ili watu wote waone.

Mwisho huu nimeuandika kwenye ukingo wa dirisha, sina pa kukaa. Mke wangu amechungulia akauliza nimesimamaje. Dede.